Arusha: Lugha Nyingi, Nafasi Chache za Wanaisimu

Kila Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotangaza nafasi za kazi kwa niaba ya vyuo vikuu vya umma, mhitimu wa isimu anayeishi Arusha hutazama kwanza kituo cha kazi. Mhasibu, mhandisi au mtaalamu wa mazao aliye mkoani humo huweza kukuta nafasi iliyo umbali wa nauli ya daladala kutoka nyumbani kwake, kwa kuwa Chuo cha Uhasibu Arusha, Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela vyote viko jijini au jirani yake. Mwanaisimu hukuta Dar es Salaam, Dodoma au Iringa.

Hali hiyo isingeshangaza kama Arusha ingekuwa mahali pasipo na kazi ya lugha. Ilivyo ni kwamba mkoa huo, pamoja na mikoa jirani ya Bonde la Ufa, ni miongoni mwa maeneo machache sana barani Afrika ambako lugha za Kibantu, za Kiniloti, za Kikushi na zile zenye sauti za kidoko husikika ndani ya safari ya siku moja. Jijini yapo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, taasisi ambazo shughuli zake haziendi bila wakalimani na watafsiri. Kwa nini basi wingi huo wa lugha hauzai nafasi za kuzifundisha na kuzichunguza?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika namna nafasi ya kitaaluma inavyopatikana. Chuo cha umma hakitangazi nafasi kwa sababu kuna jambo linalohitaji kuchunguzwa. Hutangaza kwa sababu kuna darasa lisilo na mwalimu wa kutosha. Idara huhesabu kozi, wanafunzi na vipindi, hueleza upungufu wake katika ikama, fedha za mishahara huidhinishwa, na kibali cha ajira hutolewa na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Baada ya hapo ndipo tangazo hutoka. Utafiti umo katika majukumu ya kila mwanataaluma na humpandisha cheo akishaingia, lakini ni nadra kuwa sababu ya nafasi kufunguliwa.

Utaratibu huo unaeleza kwa nini nafasi za isimu zimejikusanya mahali pachache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu, na kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili. Ukoo wa taasisi hiyo unarudi hadi Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina wanafunzi wengi wa lugha, na vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa huandaa walimu wa Kiswahili na Kiingereza kwa ajili ya sekondari. Palipo na wanafunzi wa ualimu wa lugha, hapo ndipo mwanaisimu hupata ajira. Taasisi za umma zilizoko Arusha zina shughuli nyingine: uhasibu, ufundi, maendeleo ya jamii, na sayansi katika ngazi ya uzamili na uzamivu. Mwanaisimu anayeajiriwa katika taasisi za namna hiyo kwa kawaida hufundisha stadi za mawasiliano, somo ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulisoma na ambalo halimfikishi mwalimu wake kwenye fonolojia ya Kimeru.

Kwa upande wa sekta binafsi, mteremko wa Meru una vyuo vikuu viwili vinavyofahamika: Tumaini Makumira cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista wa Sabato, vyote Usa River. Vyuo hivi huajiri vyenyewe bila kupitia Sekretarieti ya Ajira, ingawa vinabanwa na viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kuhusu sifa za wahadhiri. Mishahara yao hutegemea kwa kiasi kikubwa ada za wanafunzi. Idadi ya wanaojiunga na ualimu wa masomo ya sanaa ikipungua mwaka mmoja, nafasi ya mwalimu wa lugha ndiyo huwa ya kwanza kutazamwa upya. Mwombaji anayezingatia vyuo hivi hana budi kuuliza mkataba ni wa muda gani na mzigo wa vipindi ni upi kabla ya kuuliza mshahara.

Ngazi zenyewe zinafahamika kwa wengi, lakini zinafaa kuelezwa kwa sababu waombaji wengi hukwama hapo. Mkufunzi Msaidizi huingia akiwa na shahada ya kwanza yenye wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5. Mhadhiri Msaidizi hutakiwa awe na shahada ya uzamili yenye wastani usiopungua 4.0, na shahada yake ya kwanza nayo hukaguliwa. Mhadhiri huhitaji shahada ya uzamivu. Kutoka hapo kwenda Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa, kinachohesabika zaidi ni machapisho katika majarida yanayopitiwa na wataalamu, mfano wake kwa fani hii yakiwa Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha yanayotolewa Dar es Salaam. Aliyesoma nje ya nchi hupaswa shahada yake itambuliwe na TCU.

Viwango hivyo vina sababu nzuri. Chuo kikuu kinachomwajiri mwalimu dhaifu humlipa kwa miaka thelathini, na wanafunzi ndio hubeba hasara. Hata hivyo kuna aina ya mwombaji ambaye viwango hivi humwacha nje, naye ni wa kawaida sana Arumeru: mwalimu wa sekondari aliyehitimu kwa wastani wa 3.4, akafundisha Kiswahili kwa miaka kumi na miwili, akajisomea uzamili kwa fedha zake, labda kupitia kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichopo Arusha. Akiwa mzaliwa wa Nkoaranga au Poli, anakijua Kimeru kwa namna ambayo mtafiti mgeni angehitaji miaka mitano kuifikia. Uzamili wake unaweza kuwa na alama za juu. Alama za shahada ya kwanza, alizozipata akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, hazifutiki.

Mwalimu huyo ana jambo moja la kumfariji katika masharti ya matangazo. Ukomo wa umri wa miaka 45 unaowekwa kwa waombaji wa ajira za umma huwa hauwahusu walio kazini serikalini, nao hutakiwa kupitisha barua zao kwa waajiri wao. Sharti hili la mwisho huwa chanzo cha maombi mengi kukataliwa bila sababu nyingine yoyote. Barua iliyopelekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa maombi bila kupita kwa mkurugenzi wa halmashauri ni barua isiyokamilika, hata kama mwandishi wake ana sifa zote.

Yapo pia mambo ya fani. Tangazo linapotaka shahada ya kwanza na ya uzamili katika isimu, aliyesoma ualimu wenye Kiswahili na jiografia huweza kuhesabiwa kuwa hakukidhi, ijapokuwa nusu ya kozi zake zilikuwa za sarufi na isimu. Vyuo vinavyoandika tangazo kwa maneno mapana zaidi, kwa mfano “isimu, Kiswahili au ualimu wa lugha”, hupata waombaji wengi zaidi wa kuchagua. Ni suala dogo la uandishi wa tangazo, lakini ndilo huamua nani ataitwa kwenye usaili.

Gharama ya uchache huu huonekana katika lugha zenyewe. Upande wa mashariki na kusini-mashariki mwa Mlima Meru huzungumzwa Kimeru, ambacho wenyewe hukiita Kirwa. Ni lugha ya Kibantu iliyo karibu sana na Kichaga cha Machame, na haina undugu wa karibu na Kimeru cha Kenya licha ya jina kufanana; mkanganyiko huo umewapotosha hata watu wa maktaba. Upande wa magharibi na kusini wapo Waarusha, wakulima wa migomba na mahindi wanaozungumza Kimaasai, lugha ya Kiniloti. Katika Kimaasai kitenzi hutangulia, na nomino huonesha kama ni mtenda au mtendwa kwa kupanda na kushuka kwa toni tu, jambo ambalo mwandiko wa kawaida hauoneshi. Msomaji wa maandishi ya Kimaasai hulazimika kubahatisha kutokana na muktadha nani aliyemwona nani. Hilo ni tatizo halisi la tahajia, na utatuzi wake unahitaji mtu aliyesomea isimu, anayeishi na wazungumzaji, na ambaye mwajiri wake anakubali kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Ukivuka Monduli kuelekea magharibi mambo huzidi kuwa ya kuvutia. Karatu kuna Wairaki, ambao lugha yao ni ya Kikushi, na kuzunguka Ziwa Eyasi kuna Wahadzabe, watu wapatao elfu moja hivi, ambao lugha yao yenye vidoko haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Loliondo na Sale, katika Wilaya ya Ngorongoro, kuna Wasonjo, yaani Watemi, wanaozungumza Kibantu wakiwa wamezungukwa na Wamaasai pande zote. Hakuna haja ya kuzitaja lugha zote.

Kazi iliyofanywa juu ya lugha hizo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, ila imefanywa kutoka mbali. Sarufi ya Kiiraki iliyochapishwa mwaka 1993 ni ya Maarten Mous wa Leiden, Uholanzi. Kamusi ya lugha hiyo iliyofuata mwaka 2002 aliiandaa pamoja na Roland Kiessling wa Ujerumani na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ilichapishwa Köln. Uainishaji wa lahaja za Kichaga unaokiweka Kimeru mahali pake ulichapishwa na Derek Nurse mwaka 1979. Hawa ni wasomi wanaostahili heshima, na Mtanzania alikuwamo. Jambo la kuzingatia ni kwamba kamusi ile ni ya Kiiraki na Kiingereza. Mwalimu wa shule ya msingi Karatu anayetaka kumweleza mtoto kwa Kiswahili maana ya neno la bibi yake hana budi kupitia lugha ya tatu.

Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 kwa ufadhili wa Sweden uliazimia kuziba pengo hilo. Ulichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, pamoja na sarufi na misamiati ya lugha kadhaa, mingi ikiwa na maana kwa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Mradi huo ulionesha kwamba wanaisimu wa ndani wanaweza kuifanya kazi hii kwa kiwango cha juu. Ulionesha pia udhaifu wa kuitegemea miradi: fedha za mfadhili zikiisha, mtafiti hurudi kwenye vipindi vyake vya kufundisha, na lugha ambayo zamu yake haikufika hubaki ilivyokuwa.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba hayo ni mambo ya wasomi tu. Kwao, tukio moja lililotokea jijini Arusha linatosha. Tarehe 2 Septemba 1998, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa katika majengo ya AICC, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda. Maneno yao yalitafsiriwa kwanza kwa Kifaransa, kisha kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na majaji walikiri katika hukumu yao kwamba njia hiyo ya hatua mbili ilikuwa na matatizo.

Ili kuelewa maneno kama “Inyenzi”, ambalo kwa kawaida lina maana ya mende, na “Ibyitso”, yaani washirika wa adui, mahakama ilimwita Mathias Ruzindana, profesa wa isimu kutoka Rwanda, kama shahidi mtaalamu. Aliwaeleza majaji namna maana ya maneno hayo ilivyobadilika kulingana na wakati, mahali na aliyeyatamka, na hukumu ikatumia maelezo hayo. Alieleza pia namna utamaduni wa Kinyarwanda unavyoathiri jibu la shahidi anapoulizwa swali la moja kwa moja. Bila mtu wa kulisema hilo, shahidi mkweli angeweza kuonekana mwongo. Kazi hiyo haikuwa ya mkalimani. Mkalimani alikuwapo na alifanya yake. Aliyehitajika ni mtu aliyeichunguza lugha kwa miaka mingi akiwa na nafasi chuoni.

Tofauti hiyo kati ya ukalimani na isimu huchanganywa mara nyingi katika mijadala ya ajira za Kiswahili. Ni kweli kwamba mahitaji ya ukalimani yanaongezeka. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika iliikubali lugha ya Kiswahili mwaka 2019. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa Februari 2021, waliamua Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za jumuiya pamoja na Kiingereza. Novemba mwaka huo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Ndani ya nchi, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, hatua iliyofungua kazi kubwa ya kutafsiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza tangu enzi za ukoloni.

Maamuzi haya yote yana uhusiano na Arusha, na vijana wa mkoa huo wana haki ya kutazamia kunufaika nayo. Lakini kila uamuzi wa kisiasa kuhusu lugha huacha nyuma yake kazi ya kitaalamu: istilahi za forodha, za haki za binadamu, za bima, za hakimiliki. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, ndilo husanifisha istilahi hizo, nalo haliwezi kufanya hivyo bila vyuo vinavyowafundisha wanaozibuni na kuzijaribu. Anayefundisha ukalimani sharti awepo kabla ya mkalimani. Kwa hiyo hesabu ya nafasi za wakalimani jijini Arusha, hata ikiwa kubwa namna gani, haiwezi kuchukuliwa kuwa hesabu ya nafasi za wanaisimu.

Kuna ajira nyingine zinazowavuta wahitimu hawa. Kituo cha MS TCDC cha Usa River kimewafundisha wageni Kiswahili kwa miaka mingi, na walimu wa kujitegemea jijini huwafundisha watalii, wamisionari na wafanyakazi wa mashirika. Mpango wa Fulbright huwapeleka vijana wa Kitanzania Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo kufundisha Kiswahili vyuoni. Ni kazi nzuri na hulipa, ila hakuna hata moja inayomwachia mtu muda wa kuandika sarufi.

Kazi isiyopewa uzito unaostahili ipo Tengeru, katika Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Lugha ya Alama ya Tanzania hutumika hapo kama chombo cha kazi cha kila siku. Nayo ni lugha kamili yenye sarufi yake, isiyofuata mpangilio wa maneno wa Kiswahili, na inahitaji kuchunguzwa kwa mbinu zilezile zinazotumika kwa Kiiraki au Kimeru. Mwalimu anayedhani kwamba lugha ya alama ni Kiswahili kinachotamkwa kwa mikono atamfundisha vibaya mtoto kiziwi, na mtoto huyo hana njia ya kumkosoa. Ikiwa kuna mahali chini ya Mlima Meru ambapo nafasi moja ya mwanaisimu ingezaa matunda haraka, pengine ni hapo.

Hoja kwamba utafiti wa lugha hauwezi kupata nafasi zake nje ya darasa haina nguvu sana mkoani Arusha, kwa kuwa fani nyingine zimefanikiwa hapohapo. Maharage yana watafiti wake katika kituo cha Selian cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mboga na matunda yana wao Tengeru. Wanyamapori wana taasisi nzima, TAWIRI, yenye makao makuu Arusha. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mtafiti wa tembo asubiri hadi apatikane mwanafunzi wa kumfundisha habari za tembo. Serikali iliona kwamba kitu hicho ni rasilimali ya taifa, kinaweza kutoweka, na kinahitaji mtu wa kukifuatilia kila mwaka. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 nayo inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa na inahimiza utafiti, uandishi na tafsiri katika lugha hizo. Sera ipo, kilichokosekana ni nafasi ya kazi yenye jina hilo.

Haifai pia kudhani kwamba suluhisho ni kujenga chuo kikuu kipya. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unapanua vyuo vya umma na kuwasomesha wahadhiri, lakini vipaumbele vyake vimeelekezwa zaidi kwenye fani zinazohusishwa moja kwa moja na uchumi na viwanda. Lugha haikuwekwa mbele, na uamuzi huo unaeleweka. Njia iliyo karibu zaidi ni kituo kidogo cha TATAKI au cha Chuo Kikuu Huria chenye watafiti wawili au watatu walioajiriwa kwa utafiti, wakifanya kazi na vyuo vya Usa River ambavyo tayari vina walimu wanaozungumza lugha za eneo hilo. Walimu hao hawakosi ujuzi. Wanakosa muda, kwa sababu vipindi vyao ni vingi, na wanakosa mwenza wa kitaaluma wa kuwasomea makala kabla hayajapelekwa jaridani.

Nyenzo nyingine ipo tayari na hutumika chini ya uwezo wake. Kila mtafiti kutoka nje anayekuja kuchunguza lugha nchini hupaswa kupata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kuwa na mtafiti mshirika Mtanzania. Kwa kazi zinazofanyika Karatu au Arumeru, mshirika huyo mara nyingi huwa mhadhiri wa Dar es Salaam mwenye majukumu mengi, ambaye hutia saini, hushauri, na hufika uwandani akipata nafasi. Ushirika huo ukielekezwa kwa mwalimu wa Makumira au kwa mwanafunzi wa uzamili aliye Arusha, huwa mafunzo ya kazi yasiyoigharimu Serikali fedha mpya: mtu hujifunza kurekodi, kunukuu kwa alama za kifonetiki, kupanga data na kuandika makala kwa ushirikiano. Makala mbili za namna hiyo humtoa mwombaji kwenye kundi la wenye cheti pekee.

Kwa sasa, mwombaji wa Arusha hana budi kujipanga kwa hali iliyopo. Nafasi za Mkufunzi Msaidizi huwania wahitimu wapya wengi, na ushindani wake ni mkali kuliko wa ngazi za juu, ambako upungufu wa wenye shahada ya uzamivu katika isimu huwafanya waombaji kuwa wachache. Anayejitahidi kumaliza uzamivu huongeza nafasi yake kuliko anayerudia maombi ya ngazi ya chini kila mwaka. Mada ya tasnifu nayo ina uzito. Tasnifu nyingi za Kiswahili zinazorudia uchambuzi wa makosa ya wanafunzi katika insha hufanana, na wasaili huziona kila msimu. Tasnifu juu ya toni za Kimaasai cha Waarusha au ngeli za Kimeru huwa na ushindani mdogo, na data yake inapatikana sokoni Ngaramtoni siku ya mnada.

Upo mpaka wa muda katika suala hili ambao hauwekwi na tangazo lolote. Usa River, Tengeru na Ngaramtoni, Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya shule, ya zahanati na ya nyumba nyingi ambazo baba na mama wametoka makabila tofauti. Hayo ni mafanikio ya sera ya taifa, na hakuna anayetamani yageuzwe. Wazee wanaojua majina ya Kimeru ya miti ya msituni, ya mifereji ya kumwagilia na ya hatua za kukua kwa mgomba wapo hai hivi sasa, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu mwenye kinasa sauti. Kibali cha ajira kinachoombwa katika bajeti ya mwaka huu humfikisha mtafiti kituoni, mambo yakienda vizuri, baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili.